Maji Yakijaa Alfajiri

Mwulize mtu ambaye hajawahi kushika kamera akutajie shoti ngumu. Atakuambia gari linalopinduka, mtu anayerushwa kutoka ghorofani, helikopta inayolipuka. Hizo ni ngumu kwa mfuko tu. Mwenye fedha atanunua gari bovu alipindue, na asiye nazo ataitengeneza helikopta kwenye kompyuta, kama alivyofanya Isaac Nabwana pale Wakaliga, Kampala, katika Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, na watazamaji wa mbali wakacheka na kushangilia pamoja naye. Shoti iliyotukosesha usingizi sisi kwa miezi mitatu haina gari wala moto. Mwanamke anatoka chumbani, anakwenda ufukweni, anasimama.

Kwenye skripti ilichukua mistari miwili: anatoka chumbani na koroboi mkononi, anaiacha ukumbini, anashuka barazani, anafuata kichochoro hadi maji yamguse miguu. Kisha mwongozaji wetu akaongeza maneno mawili ambayo ndiyo yaliyoleta kazi yote: kamera haikati.

Sisi ni watu watano, tunaishi Bagamoyo, na hakuna anayelipwa. Jumatatu hadi Ijumaa mmoja yuko dukani, mmoja anafundisha, mmoja anaendesha bajaji. Filamu ni ya Jumamosi na Jumapili. Vifaa vyetu ni simu moja iliyo nzuri kuliko zetu zote, maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, na stendi ambayo mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kazi yangu ni kushika simu. Filamu yenyewe ni ya dakika 11, na shoti hii ndiyo ya mwisho.

Njia rahisi ipo, na kila aliyewahi kuhariri anaijua. Unashuti chumbani usiku mmoja kwa taa zako. Unakata mlangoni. Unashuti nje asubuhi nyingine, hata wiki nyingine, na mtazamaji hatajua. Nilimwambia hivyo mwongozaji tukiwa tumekaa barazani kwa shangazi yake, ambako ndiko tulikopanga kushuti. Akatazama kichochoro kinachoelekea pwani, akasema, "Yeye alitembea njia yote."

Nilidhani anamzungumzia mhusika wa kwenye skripti.

*

Tatizo la kwanza lilikuwa mlango.

Jicho la binadamu lina subira. Ukitoka chumba chenye giza ukaingia juani, linakunja uso kidogo, linazoea, nawe husahau kwamba kulikuwa na tofauti. Simu haina subira hiyo. Ukiiacha ijipangie mwangaza yenyewe, kizingitini inababaika: nje kote kunageuka maziwa, kisha baada ya sekunde moja inashtuka na kupunguza kila kitu, na mtu uliyekuwa ukimfuata anakuwa kivuli cheusi. Mshtuko huo ndio unaomwambia mtazamaji kwamba anatazama video ya simu. Dawa yake ni kuufunga mwangaza usibadilike. Lakini uufunge wapi? Ukiufunga kwa ajili ya chumbani, nje kunaungua. Ukiufunga kwa ajili ya nje, chumbani hakuna picha, kuna chengachenga tu.

Mwaka 1975 Stanley Kubrick alitoa Barry Lyndon, filamu ambayo baadhi ya sini zake zinamulikwa kwa mishumaa. Ili aweze kuzipiga alitafuta lenzi za Zeiss zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, zenye tundu la f/0.7, kubwa kiasi kwamba zilimeza mwanga wa mshumaa na bado picha ikatoka. Nasi tulikuwa na koroboi. NASA hatukuwa nayo.

Jibu letu halikutoka kwenye lenzi, lilitoka kwenye saa. Kama huwezi kupandisha mwanga wa ndani ufikie wa nje, subiri wakati ambapo wa nje uko chini vya kutosha. Jumamosi moja nilikaa ukumbini kuanzia saa 11 alfajiri, simu imefungwa kwa mwangaza wa koroboi, nikawa nachukua sekunde kumi kupitia mlango wazi kila baada ya dakika tatu. Tulipozitazama baadaye zilikuwa kama kitabu. Mwanzoni nje ni weusi mtupu. Kisha ukingo wa paa unajitokeza. Kisha, kwa dakika saba au nane kuelekea saa 12, ukuta wa jirani kule nje na mkono ulioshika koroboi huku ndani vinakuwa na uzito mmoja. Mmoja wa rangi ya samawati, mwingine wa rangi ya chungwa, lakini hakuna unaomshinda mwenzake. Baada ya hapo mchana unaingia na nje kunaungua.

Nchi zetu za karibu na ikweta hazina alfajiri ndefu. Jua linapanda karibu wima, na kutoka utusitusi hadi kuchomoza ni dakika ishirini hivi. Shoti yetu ilikuwa na urefu wa dakika tatu kasoro. Maana yake, kila asubuhi ilitupa nafasi moja, au mbili kwa mbio.

Kulikuwa na mambo madogo pia, ya aina ambayo hayaandikwi popote mpaka yakukute. Ukumbini kuna taa ya umeme ambayo wapangaji huiacha ikiwaka, na simu ilionyesha mistari ikipanda na kushuka ukutani. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na simu ilikuwa imepangwa kwa hesabu za nchi zenye umeme wa hezi 60. Tuliiweka kwenye fremu 25 kwa sekunde, na kila fremu ikifunguka kwa sehemu ya 50 ya sekunde. Mistari ikatoweka. Koroboi peke yake haikutosha kuuonyesha uso, kwa hiyo tulificha taa ya kuchaji nyuma ya mlango wa chumba, tukaifunika bahasha ya kaki ili mwanga wake uwe na rangi ya moto. Bahasha ni ya shilingi chache. Sijui kama nitawahi kununua kifaa kingine cha bei hiyo kitakachofanya kazi kubwa kama ile.

*

Tatizo la pili lilikuwa miguu yangu.

Kumfuata mtu kwa kamera bila kutikisika ni tatizo lililowasumbua wakubwa kabla yetu. Katika À bout de souffle, iliyotoka mwaka 1960, mpiga picha Raoul Coutard alikaa kwenye kiti cha magurudumu na Jean-Luc Godard akamsukuma. Robert Rodriguez naye alitumia kiti cha magurudumu katika El Mariachi, mwaka 1992. Sam Raimi na wenzake, walipotengeneza The Evil Dead ya mwaka 1981, waliifunga kamera katikati ya ubao, watu wawili wakashika ncha zake na kukimbia nao msituni. Katikati ya miaka ya 1970 Garrett Brown alibuni Steadicam, kile kifaa cha kuvaa mwilini kinachotenganisha kamera na hatua za anayeibeba, na mwaka 1976 watu wakaona Rocky akipanda ngazi za Philadelphia na kamera ikipanda naye bila kuruka.

Tulijaribu mkokoteni. Ulipita kichochoroni vizuri, lakini mlangoni haukuingia, na mchangani magurudumu yalizama. Bajaji haikufika hata barazani. Ilibaki kutembea.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa akituangalia tukifanya majaribio. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Nyie wanangu mnatembea kama mnakimbia mvua," akasema. Kisha akajitwika ndoo iliyojaa, akaenda nayo mpaka mwisho wa kichochoro na kurudi, akituzungumzisha muda wote, na hakuna tone lililomwagika. Nikamwomba arudi tena, safari hii niangalie chini ya kiuno. Magoti yake hayakunyooka hata mara moja. Mguu uligusa ardhi kwanza, ukaonja, ndipo uzito ukafuata. Nyonga zilifanya kazi yote ili kichwa kisijue kinachoendelea huko chini.

Kwa wiki tano nilitembea na sufuria ya maji mikononi. Mwanzoni nililowa hadi magotini. Nilijifunza kwamba kizingiti cha Shangazi kiko juu kuliko kinavyoonekana, tukaweka mfuko wa mchanga kila upande ili niupande kama kilima badala ya kuuruka. Nilijifunza kwamba kichochoroni kuna jiwe kwenye hatua ya 41. Mchangani nilivua viatu, kwa sababu unyayo mtupu unajua mapema pale mchanga unapolainika. Mwenzetu mmoja alinishika mkanda kwa nyuma, akawa macho yangu ya chini: akivuta kidogo, nipunguze, akisukuma kushoto, nipinde. Siku niliyofika ufukweni na sufuria ikiwa imejaa kama nilivyoondoka nayo, walinipigia makofi kama nimefunga goli.

*

Tatizo la tatu lilikuwa bahari.

Filamu za kigeni zimetuzoesha machweo baharini, jua likizama majini na mtu amesimama mbele yake. Bagamoyo inatazama mashariki. Kwetu jua linazama nyuma ya nyumba na minazi. Anayetaka machweo ya majini avuke aende Unguja, akasimame Mji Mkongwe upande wa pili wa mkondo. Chetu sisi ni macheo. Hilo halikutusumbua, kwa kuwa hadithi yenyewe ilikuwa ya alfajiri. Kilichotusumbua ni kwamba bahari haikai mahali pamoja. Maji yakipwa, ufukwe wetu unakuwa uwanja mrefu wa mchanga na matope, na mwanamke angetembea mpaka saa 1 asubuhi kabla maji hayajamgusa.

Tulihitaji maji yaliyojaa wakati huohuo mwanga wa nje unapolingana na wa koroboi. Wavuvi hawakuhitaji jedwali kutujibu. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, maji ya bamvua hujaa karibu saa 10 alfajiri. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Basi hesabuni siku mbili. Tukahesabu, tukaweka kalenda yetu ya Jumamosi na Jumapili juu yake, na kabla ya mvua za vuli zikabaki Jumapili mbili tu.

Satyajit Ray alipoanza kushuti Pather Panchali mwaka 1952, naye alikuwa mtu wa siku za mapumziko. Siku nyingine alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya matangazo mjini Calcutta. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, alikuwa na miaka 21 na hakuwahi kuendesha kamera ya sinema. Walianza na sini ya watoto wawili kwenye shamba la matete yenye maua meupe. Siku moja haikutosha. Waliporudi baada ya wiki moja, ng'ombe walikuwa wameyala maua yote. Wakangoja msimu mwingine wa maua. Filamu ilitoka mwaka 1955, na sini hiyo ni kati ya zile ambazo watu hawazisahau. Kila nilipochoka na kalenda yetu niliwafikiria ng'ombe wale.

*

Mpaka hapo nilikuwa naiona shoti hii kama fumbo la hesabu: mwanga, hatua, maji. Siku ya kupima sauti ndipo nilipoelewa kilichokuwa ndani yake.

Shangazi alikuwa amekaa kitandani na maikrofoni kwenye kanga yake, na mwongozaji akamwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya sukari, "Siku ile ulishika koroboi mkono gani?" Naye akainua mkono wa kushoto bila kufikiri.

Mwongozaji wetu hana kumbukumbu ya baba yake. Alikuwa na miaka miwili wakati baba alipotoka usiku na wenzake kwenda kuvua, upepo ukageuka, na mashua ikaonekana siku ya tatu ikiwa tupu. Shangazi ni dada yake marehemu. Asubuhi ya kwanza, kabla hakujapambazuka, ndiye aliyetoka nyumba hii, akapita ukumbi huu, akasimama kwenye maji mpaka jua likawa kali. Hadithi hiyo husimuliwa kila hitma. Hakuna picha yake. Hakuna aliyekuwa na kamera, na hata angekuwa nayo asingeitoa.

Ndiyo maana kamera haikati. Hakuwa akijionyesha kwamba anaweza shoti ndefu. Alitaka kuitembea njia ile nyuma ya shangazi yake, hatua kwa hatua, asubuhi ambayo yeye alikuwa amelala.

Nilirudi nyumbani nikaanza kuhesabu marudio kwa namna nyingine. Katika sinema kuna sifa inayowazunguka waongozaji wanaorudia. Kubrick alifahamika kwa kuirudia sini moja mara makumi, na watu huisimulia kama ushujaa wake. Lakini anayerudia si yeye. Yeye yuko nyuma ya kamera. Anayelia mara ya thelathini yuko mbele yake. Pale kuna mkataba, kuna malipo, kuna wakala wa kupiga simu kulalamika. Kwetu sisi tusiolipana hakuna chochote kinachosimama kati ya neno "tena" na mwili wa mtu anayeambiwa. Na neno lenyewe ni jepesi sana kwa anayelisema.

Shangazi hukaanga maandazi. Huamka saa 9 usiku kila siku, na kwa sababu ya undugu angetuamkia hata Jumapili kumi. Angesimama kwenye maji mara ngapi tukitaka. Hapo ndipo nilipoona kazi ya mshika kamera katika shoti ngumu ni ipi: ni kuhakikisha kwamba kila kinachoweza kukosewa kimekwisha kukosewa kabla mtu mwenyewe hajaitwa. Kutikisika, kuungua, jiwe la hatua ya 41, vyote hivyo vimalizike kwa gharama yangu. Ufundi, kwa maana hiyo, ni adabu.

Alexander Sokurov alipiga Russian Ark ndani ya jumba la makumbusho la Hermitage tarehe 23 Desemba 2001, shoti moja kwa filamu nzima ya saa moja na nusu hivi, yenye mamia ya watu na kumbi nyingi, Tilman Büttner akiwa amebeba kamera mwilini. Mara tatu walianza wakasimama. Ya nne ikafika mwisho. Watu hukumbuka saa moja na nusu. Mimi hukumbuka miezi ya mazoezi iliyoitangulia, maana jumba walipewa kwa siku moja.

Basi tulifanya mazoezi bila Shangazi. Yule mwenzetu wa bajaji ana urefu unaolingana na wake, akajifunga kanga mbili na kushika koroboi mkono wa kushoto, akaitembea njia mara nyingi kiasi kwamba watoto wa mtaa waliacha kumcheka na kuanza kumsahihisha. "Shangazi hatembei hivyo," walimwambia. "Yeye polepole." Tulitembea saa za mchana, tukatembea usiku, tukatembea alfajiri mbili zenye maji mabaya ili kupima mwanga peke yake. Shangazi alipouliza kama anahitajika, mwongozaji alimjibu, "Bado, shangazi. Lala." Sina hakika kama alikuwa anatunza nguvu zake au anatunza kitu kingine.

*

Jumapili ya kwanza mvua ilinyesha kutoka baharini tangu saa 8 usiku. Hatukumwamsha.

Jumapili ya pili mbingu ilikuwa safi. Tulikuwa tumekwisha kuzungumza na mwenyekiti wa mtaa na wavuvi wa sehemu ile, wakakubali kuvuta mitumbwi yao upande wa kaskazini hadi tumalize. Saa 11 na dakika 50 nilikuwa nimesimama chumbani, magoti yamekunjwa, simu imefungwa, mkono wa mwenzangu kwenye mkanda wangu. Shangazi aliwasha koroboi mwenyewe. Mwongozaji hakusema "anza." Alimgusa bega.

Ukitazama kupitia kioo cha simu huoni mengi. Niliona mgongo wa kanga. Niliona mwanga wa koroboi ukitambaa kwenye ukuta wa ukumbi, kisha akainama na kuiweka chini karibu na mlango, jambo ambalo hatukumwambia aliweke vipi, akaiweka kama mtu anayejua kwamba atarudi. Nikapanda mfuko wa mchanga. Nje hakukuungua. Samawati iliingia pande zote mbili za kichwa chake taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa. Jiwe likapita. Hewa ikabadilika usoni, mchanga ukaja chini ya nyayo, mkono ukanivuta kidogo nikapunguza. Alifika kwenye maji, akaingia mpaka vifundoni, akasimama.

Hapo ndipo nilipotakiwa kumzunguka kwa upande wa kushoto, nusu duara, mpaka uso uonekane. Maji yalikuwa ya baridi. Nilizunguka. Uso ulikuwa pale, na mwanga ulikuwa juu yake, na ulitazama mbali bila kufanya chochote.

Nyuma yake, kutoka kusini ambako hatukuwa na taarifa na mtu, akapita kijana mwenye makasia begani.

"Shikamoo mama. Mbona mapema?"

"Marahaba, mwanangu," akasema Shangazi. Hakugeuka. Macho hayakutoka majini.

Kijana akaenda zake. Nilihesabu mpaka ishirini kama tulivyopatana, na mwongozaji akasema tukate. Nilitazama saa kwenye simu: dakika nne kabla ya saa 12.

"Tena," akasema. Alikuwa ameanza kugeuka kuelekea nyumba. "Mwanga bado upo. Tukikimbia tunaiwahi."

Kwa hesabu alikuwa na haki. Mwanga ulikuwapo, maji yalikuwapo, mimi nilikuwa tayari. Shangazi alikuwa bado amesimama palepale.

"Kwani kumetokea nini?" akauliza.

"Yule kijana, shangazi. Amekusalimia katikati. Imeharibika."

Shangazi akakunja upindo wa kanga uliolowa, akaukamua.

"Siku ile nayo walipita watu," akasema. "Wakanisalimia. Nikaitikia. Ulitaka nisiitikie?"

Mwongozaji hakujibu. Nilikuwa karibu naye vya kutosha kumwona usoni, na simu ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hilo sina ushahidi wake. Miaka yote ya hitma, katika usimulizi wote, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba watu walipita. Katika hadithi aliyopewa, pwani ilikuwa tupu na shangazi yake alikuwa peke yake na bahari. Na hivyo ndivyo alivyoiandika, na ndiyo sababu tuliwaomba wavuvi waondoe mitumbwi. Kumbe ilikuwa asubuhi ya kawaida. Watu walikuwa wakienda kazini. Mwanamke alikuwa akingoja ndugu yake, na kila aliyempita alimpa shikamoo, naye kila mmoja akampa marahaba yake, kwa kuwa mkubwa hawezi kuiacha salamu ya mtoto wa mtu ikaanguka chini.

Shangazi alitoka majini. "Mimi nina unga umeumuka," akasema, akatuacha.

*

Shoti ina dakika mbili na sekunde 48. Ukiwa na jicho la kutafuta kasoro utaziona: kwenye kizingiti kuna mtikisiko mdogo, na katika ile nusu duara pembe ya juu ya picha inakata ukingo wa kanga kwa sekunde moja. Hatukurudi Jumapili nyingine. Hakuna aliyelijadili hilo. Kalenda iliondolewa ukutani tu.

Kilichobaki ni sauti. Upepo wa asubuhi ile uliingia kwenye maikrofoni, na neno "marahaba" linasikika kama linatoka nyumba ya tatu. Mhariri wetu, ambaye ni mtu wa kazi safi, alipendekeza tumwite Shangazi siku moja mchana, akae chumbani madirisha yamefungwa na blanketi kuzunguka maikrofoni, aliseme neno hilo mara mbili tatu, naye atalipachika mahali pake. Ni jambo la kawaida. Sinema nyingi unazozipenda zimefanya hivyo na hukujua. Lingechukua dakika tano.

Mwongozaji alivaa vile vidude vya masikioni, akaisikiliza sehemu hiyo, akairudisha, akaisikiliza tena.

"Liache," akasema.